Ushuhuda Niliokuja Kuusahihisha

Maneno ya dada yetu kutoka Taveta, aliyoyasema Jumamosi mchana katika kongamano la maadhimisho. Yamenakiliwa kutoka kwenye rekodi. Mwenyewe ameyapitia na kuturuhusu tuyachapishe.

 

 Nashukuru kwa dakika hizi ishirini. Sikuitwa kusema. Nilimfuata mwenyekiti wa maandalizi mimi mwenyewe nikamwambia, mwenyekiti, nina deni na ushirika huu. Deni lenyewe nililikopa hadharani, basi siwezi kulilipa chumbani.

Wengi mnanikumbuka. Miaka sita iliyopita, katika kongamano kama hili, nilishika kipaza sauti nikasema Mungu ameniponya ugonjwa wa ngozi. Niliinua mikono mkaiona. Niligeuza uso huku na huku. Mkapiga vigelegele, kwaya ikaingia, tukacheza mbele za Bwana. Gazeti la maadhimisho la mwaka ule likaandika ushuhuda wangu pamoja na picha. Naambiwa ziko nyumba ambako ukurasa ule umebandikwa ukutani mpaka leo.

Sasa tazameni mikono hii. Leo sikuvaa glavu. Walio nyuma mtaniwia radhi, nitapita katikati baadaye mwone vizuri. Vidole vyote ni vyeupe, mpaka hapa kwenye kifundo. Huu ugonjwa madaktari wanauita vitiligo. Pwani wazee wanauita balanga, wengine mbalanga. Ninao tangu mwaka 2013. Siku ile nilipowaambia nimepona nilikuwa nao.

Nisieleweke vibaya. Sikuja kusema Mungu haponyi. Mimi ni mtoto wa maombi, na yako mambo Mungu amenitendea ambayo hakuna atakayeniondoa hapo. Nimekuja kusema kwamba jambo lile moja, siku ile moja, nililisema kabla halijawa kweli. Na nusu ya moyo wangu ilijua.

Mtauliza, mbona leo? Mwaka jana mwezi wa nane tulikuwa na mkutano wa vijana upande wa Holili. Binti wa miaka kumi na minne alinifuata jikoni nikiosha masufuria. Hakusema neno, alikunja sketi kidogo akanionyesha magoti. Meupe yote mawili. Akanitolea ukurasa wa lile gazeti, umekunjwa mpaka umeanza kukatika. Akasema, "Mama, nimefunga kama ulivyofunga. Dawa ya hospitali niliiacha, kwa sababu ulisema uliacha dawa zote ukamtegemea Mungu peke yake. Mbona mimi sijapona? Imani yangu ina kasoro gani?"

Jamani. Nilikuwa nimevaa glavu za mpira za kuoshea vyombo. Nilizivua. Yule mtoto alitazama mikono yangu, akanitazama usoni, akaanza kulia. Nikalia naye. Usiku ule sikulala. Nilijiambia, huyu mmoja nimemwona. Wasiokuja jikoni ni wangapi?

Basi nisikilizeni niwaeleze tangu mwanzo, bila kuruka.

Mimi nauza vitenge soko la Taveta, siku za Jumatano na Jumamosi. Doa la kwanza lilitokea kwenye kidole hiki cha shahada, dogo kama punje ya mtama. Nilidhani ni sabuni. Baada ya miezi mitatu likawa na wenzake, na moja likaja pembeni mwa mdomo. Wateja wakaanza. Mmoja anapokea chenji kwa ncha ya vidole. Mwingine anauliza, "Umeungua na nini?" Mwingine haulizi, anahamia meza ya jirani. Jirani yangu wa nyumbani alisema nimerogwa kwa sababu ya biashara. Mwingine akasema ni ukoma. Mwingine akasema nimejichubua kwa krimu za urembo, sasa naona cha mtema kuni.

Hayo ya sokoni niliyavumilia. Lililonivunja ni la kanisani. Nilikuwa mmoja wa akina mama wanaoandaa Meza ya Bwana. Tunaoka mkate, tunaumega, tunapanga vikombe. Jumapili moja mzee mmoja aliniita pembeni, kwa upole kabisa, akasema, "Dada, kwa sasa pumzika kidogo kwenye meza, mpaka Bwana atakapokugusa. Watu wanaona kinyaa." Simtaji, wala sina kinyongo naye, tumeshasameheana. Lakini mjue kwamba "kwa sasa" ile ilichukua miaka minane.

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta dawa kama mtu anayekimbizwa. Nina daftari, mimi ni mfanyabiashara, naandika kila kitu. Nilijumlisha juzi. Katika miaka mitano ya kwanza nilitumia shilingi 64,000 za Kenya. Pesa hiyo ni ada ya mtoto.

Jambo la kwanza niliambiwa nipake limau kisha nikae juani. Nikakamua limau, nikapaka mikono yote miwili, nikakaa nje saa sita mchana. Kesho yake mikono ilikuwa na malengelenge. Baadaye daktari alinieleza kwa nini. Ndani ya limau, na hata kwenye utomvu wa mtini, kuna kitu kinachofanya ngozi iungue vibaya ikipigwa na jua. Halafu akaniambia neno lililonishangaza zaidi. Mtu mwenye vitiligo, pale anapochubuka au kuungua, mara nyingi kidonda kikipona kinapona kikiwa cheupe. Kwa hiyo dawa yangu ya kwanza iliniongezea ugonjwa kwa mikono yangu mwenyewe.

Nisiwadharau wazee wa mitishamba kwa ujumla. Nimejifunza kwamba Wamisri tangu zamani walikuwa na mmea wa bonde la Nile waliotumia kwa mabaka haya, na miaka ya 1940 daktari mmoja wa Kairo, El Mofty, aliwajaribia wagonjwa dawa iliyotolewa humo, ambayo hospitali za dunia zikaitumia pamoja na mwanga. Lakini yeye alipima. Kipimo cha dawa, dakika za mwanga. Mimi nilikamua limau kwa kukisia.

La pili, mizizi ya kunywa. Iliniharisha wiki mbili. La tatu, krimu. Kopo dogo jeupe, halina jina la mtengenezaji, halina tarehe. Nililinunua kwa mama mmoja stendi. Nikapaka usoni asubuhi na jioni. Wapendwa, ndani ya miezi michache rangi ilianza kurudi usoni! Nikajua nimepata. Nikanunua makopo mengine kumi na moja.

La nne, alipita mtumishi mmoja mwenye mikutano ya hema. Si wa ushirika huu. Alikuwa na maji na mafuta, kila chupa na bei yake. Alinitabiria kwamba nikichukua chupa saba na kufunga siku ishirini na moja, ngozi yangu itakuwa kama ya mtoto, kama ilivyomtokea Naamani. Nilichukua saba. Lakini someni habari ya Naamani mpaka mwisho. Elisha alikataa zawadi. Aliyekimbilia zawadi ni Gehazi, na mnajua alirudi na nini mwilini.

Nikafunga zile siku. Ninapofunga, usoni naendelea kupaka ile krimu ya kopo, kwa sababu niliona inasaidia. Kongamano likafika. Uso ulikuwa umerudi kwa sehemu kubwa. Mikono haikurudi. Asubuhi ya siku ile nilipaka mikono poda na krimu ya rangi, ile ya mabibi harusi, nikatulia mpaka ikakauka. Nikapanda hapa. Mtangazaji akauliza, "Uliacha dawa zote?" Nikasema, "Zote." Mkaitikia amina.

Hiyo ndiyo sehemu iliyokuwa inanichoma. Sikudanganya kwa sababu namchukia Mungu. Nilidanganya kwa sababu nilitaka kurudi kwenye ile meza ya mkate.

Na meza sikuirudia. Kwa sababu miezi minne baadaye yale makopo yaligeuka. Ngozi ya usoni ikawa nyembamba, mishipa myekundu inaonekana, chunusi zikajaa. Kumbe ndani ya kopo kulikuwa na steroidi kali. Hiyo ni dawa halali kabisa daktari akikupa kwa kipimo na kwa muda maalumu. Ukiipaka usoni miezi na miezi bila mtu wa kukuangalia, inakula ngozi. Nikaiacha ghafla, na mabaka yakarudi na mapya. Sasa nitawaonyeshaje watu uso huu? Nilishashuhudia! Miaka miwili sikuja kongamano. Nilisema nina mgonjwa nyumbani. Mgonjwa alikuwa mimi.

Mwishowe mume wangu alisema, "Inatosha. Kesho tunavuka." Tukapita Holili tukaenda Moshi. Wengi wenu mnajua kwamba pale KCMC kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi. Kimekuwepo tangu mapema miaka ya 1990, na kimefundisha wataalamu wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika. Sisi watu wa mpakani tuko karibu nacho kuliko wengi, na miaka yote hiyo nilikuwa nikipita barabarani kwenda kununua vitenge.

Daktari alinipeleka chumba chenye giza, akamulika mikono kwa taa ya mwanga wa zambarau. Yale mabaka yakang'aa kama chokaa. Akachukua kipande cha pamba akagusa baka moja moja, akauliza, "Unasikia?" Nasikia yote. Akasema, "Mama, huu si ukoma. Baka la ukoma mara nyingi linapoteza hisia. Na hata ukoma wenyewe siku hizi unatibiwa kwa vidonge, bure." Nilikaa kimya muda mrefu. Miaka yote ile nilikuwa nabeba neno moja la jirani, na pamba ya shilingi mbili imeliondoa.

Sasa niwape alichonifundisha, maana ndiyo sababu ya pili ya kusimama hapa.

Rangi ya ngozi hutengenezwa na chembe maalumu zilizo ndani ya ngozi. Katika vitiligo, askari wa mwili, ile kinga inayotulinda na magonjwa, wanakosea. Wanazishambulia chembe za rangi kana kwamba ni adui. Pale chembe zilipokufa, ngozi inabaki nyeupe. Ndiyo hiyo tu. Hauambukizi, si kwa kushikana mikono, si kwa kikombe, si kwa kitanda, si kwa damu. Hautokani na uchafu. Wako wenye ndugu wenye ugonjwa huu, lakini watoto wengi wa wenye vitiligo hawaupati. Katika dunia nzima, mtu mmoja hivi katika kila mia moja au mia mbili anao, Mzungu, Mhindi, Mwafrika. Ni kwamba kwetu sisi weusi unaonekana mbali. Yule mwimbaji Michael Jackson alikuwa nao; mwaka 1993 alisema mwenyewe kwenye televisheni, lakini watu wakaendelea kusema amejichubua. Alifariki tarehe 25 Juni, na siku hiyo ndiyo sasa inayoadhimishwa kila mwaka kuwa siku ya vitiligo duniani.

Daktari akasema pia si kila doa jeupe ni vitiligo. Kuna mba na choa zinazoletwa na fangasi, hizo zina dawa yake nyepesi. Kuna mabaka hafifu ya watoto usoni yanayoondoka yenyewe. Kwa hiyo kwanza uonwe na anayejua. Nilipimwa pia damu kuangalia tezi ya shingo, ile ya thairoidi, kwa sababu kinga inayokosea kwenye ngozi wakati mwingine inakosea na hapo. Yangu ilikuwa salama. Yuko dada tuliyekutana kliniki ambaye yake haikuwa salama, na alikuwa amechoka miaka mitatu bila kujua kwa nini.

Nikamuuliza swali moja tu. "Daktari, dawa ipo?" Hakunidanganya. Alisema, "Dawa ya kuung'oa kabisa usirudi, bado haipo. Matibabu yanayosaidia yapo, tena mazuri, ila yanataka muda, na hayafanyi kazi sawasawa kila mahali." Akachora mtu kwenye karatasi. Uso na shingo, matumaini makubwa. Kifua, mikono ya juu, matumaini ya wastani. Vidole, miguu, midomo, pale ni pagumu. Akaeleza kwamba rangi mpya hutoka kwenye vinyweleo, kama akiba iliyofichwa chini. Vidole havina vinyweleo vya kutosha. Na kama nywele za kwenye baka zimeshageuka nyeupe, akiba imekwisha pale.

Alinipa steroidi ya kupaka mikononi kwa zamu, siku za kupaka na siku za kupumzika, na akaandika tarehe ya kurudi. Usoni akanipa nyingine iitwayo takrolimasi, ambayo haikondeshi ngozi. Akasema pia kuna tiba ya mwanga, mashine ya UVB. Unasimama ndani mara mbili au tatu kwa wiki, mwanzo sekunde chache, wanaongeza kidogo kidogo, na usihesabu mafanikio kabla ya miezi sita. Mashine hizi ziko chache, mijini. Mimi nilikaa kwa dada yangu Nairobi miezi saba, nikiacha meza yangu ya vitenge kwa binti. Mungu ambariki dada yangu, hakunihesabia sahani.

Mwezi wa tatu niliona vitone vyeusi vidogo vimetokea shavuni, kama mtu aliyemwaga ulezi kwenye unga. Nikapiga kelele bafuni. Vikaungana polepole. Leo uso wangu na shingo mnauona. Huu sijapaka kitu. Mikono imebaki, na daktari aliniambia mapema huenda ikabaki. Akanionya pia kwamba wengi wakiacha mwanga baadhi ya mabaka hurudi, kwa hiyo niwe tayari. Juu ya sikio hili limesharudi moja. Nimekwenda nikaonwa, tunaendelea.

Ziko na nyingine. Baka ambalo halijasogea muda mrefu wanaweza kulipandikizia ngozi au chembe kutoka sehemu nyingine ya mwili wako. Na mwaka 2022 Marekani waliidhinisha krimu mpya, ruksolitinibu, ya kutuliza wale askari waliokosea, kwa wenye miaka kumi na miwili na kuendelea. Hata hiyo, katika majaribio, baada ya wiki 24 watu kama watatu katika kumi ndio waliorudishiwa robo tatu ya rangi ya uso. Na bei yake si ya kwetu. Nawaambia haya ili akija mtu na kopo akasema siku saba umepona wote, mjue hata walio na maabara kubwa hawasemi hivyo.

Sasa turudi kwenye Neno, maana najua wako wanaojiuliza, huyu dada ametuhubiria hospitali.

Fungueni nyumbani Mambo ya Walawi 13, mstari wa 38 na 39. Sura ile yote ni ya ukoma, mtu anatengwa, anatolewa nje ya kambi. Lakini katikati ya sheria kali namna ile, Musa anasimama na kusema akiwepo mwanamume au mwanamke mwenye madoa meupe, kuhani aangalie. Yakiwa meupe ya kufifia, huo ni upele tu wa ngozi, mtu huyo ni safi. Sisemi kwamba ile ni vitiligo hasa. Nasema hata torati haikutaka kila mwenye doa jeupe atolewe nje. Ilitaka aangaliwe na anayejua. Mimi sikuangaliwa. Nilipumzishwa.

Na Bwana wetu alipomponya mwenye ukoma katika Marko 1, kwanza alimgusa, akiwa bado na ugonjwa wake. Kisha akamtuma akajionyeshe kwa kuhani. Kwa nini? Yesu haogopi uchunguzi. Uponyaji wake unapimika. Kama siku ile ningetumwa kwa kuhani, yaani kwa daktari, poda ingetoka kwa pamba na maji, na yule binti wa Holili angekuwa anaendelea na dawa yake.

Na juu ya swali lake, kwamba imani yake ina kasoro gani, nilimpa Yohana 9. Wanafunzi waliuliza nani ametenda dhambi, huyu au wazazi wake. Yesu alisema si huyu wala wazazi wake. Na Paulo aliomba mara tatu mwiba uondolewe, haukuondolewa, na hakuna aliyemwambia Paulo hana imani. Naye Luka aliyesafiri pamoja naye alikuwa nani? Tabibu. Sijasoma mahali Paulo alipomwambia achague, ama kalamu ama dawa.

Nimalizie, naona mwenyekiti anatazama saa. Nina maombi manne.

La kwanza, kwa wachungaji wetu. Mtu akisema amepona, mfurahini, mwombeeni, lakini mwacheni arudi kwa aliyempima kabla hajapewa kipaza sauti. Na asiambiwe kamwe kuacha dawa ili athibitishe imani. Mimi nilikuwa na doa la ngozi tu. Mwingine ana sukari, mwingine ana presha, mwingine anatumia dawa za kurefusha maisha. Huyo akiacha, hatutamwona kongamano lijalo.

La pili, kwa wazee. Msimpumzishe mtu huduma kwa sababu ya ngozi. Kama hamna hakika, mpelekeni hospitali, hata kwa pesa ya mfuko wa ushirika. Nauli ya kuvuka mpaka ni ndogo kuliko miaka minane.

La tatu, kwa wenye madoa walioketi hapa, maana mko, nimewaona mkivuta mikono ya mashati. Jikingeni na jua kali, kofia na mikono mirefu, kwa sababu ngozi nyeupe inaungua upesi. Msijichubue, msipake limau, msipake kopo lisilo na jina. Mwende mapema, kwa sababu baka jipya linasikia dawa kuliko la zamani. Na wale ambao mtachoka na matibabu mkaamua kuishi na rangi zenu mbili, hiyo si dhambi. Wazee walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Haya yetu hayaui. Aibu ndiyo iliyotaka kuniua mimi.

La nne ni kwa kamati ya gazeti. Naomba maneno haya yachapishwe, na palepale juu waandike kwamba yanasahihisha yale ya miaka sita iliyopita. Na nyumba yenye ule ukurasa ukutani, naomba muubandue. Ukutani wekeni neno la Mungu. Picha yangu ya poda itoeni.

Yule binti amerudi kliniki, mama yake anampeleka. Goti moja limeanza kuota vitone. La pili bado. Yuko hapa leo, lakini sitamsimamisha. Akitaka kushuhudia atashuhudia siku yake, kwa mdomo wake.

Na jambo la mwisho. Miaka mitatu iliyopita mchungaji wetu mpya aliniita, akasema anasikia nilikuwa nikioka mkate wa meza. Nikamwonyesha mikono. Akasema, "Nimeiona. Jumapili ya kwanza ya mwezi, usichelewe." Mkate mtakaoumega kesho asubuhi nimeukanda mimi na akina mama wenzangu, usiku wa leo, kwa mikono hii. Nimewaambia mapema ili asiyetaka asije akasema alifichwa. Lakini naamini mtakuja wote.

Bwana awabariki. Mnisamehe, na mniombee. Amina.